Jina Moja Katika Hati, Haki za Wangapi?

Hivi majuzi mwanafunzi wangu mmoja hapa Voi aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa shamba la babu limeandikwa jina la baba mkubwa peke yake, je, sisi wengine hatuna chetu?" Swali hilo limetoka kinywani mwa mtoto, lakini ndilo linalowafarakanisha ndugu wengi katika kaunti ya Taita Taveta.

Chanzo chake chajulikana. Usajili ulipofanywa chini ya sheria ya mwaka 1963, mashamba mengi ya ukoo yaliandikwa jina la mtu mmoja, aghalabu kifungua mimba. Wazee walifahamu kwamba ameandikwa kwa niaba ya wenzake. Hati haikusema hivyo.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, iliamua kuwa amana ya kimila humfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa. Uamuzi huo ni wa haki. Hata hivyo, mdai ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ardhi ilikuwa ya ukoo kabla ya kusajiliwa, na dai lenyewe humwelekea jamaa aliyeandikwa. Wazee waliokuwa mashahidi wanazidi kutuaga. Na shamba likiisha kuuziwa mgeni, njia ya kulirejesha huwa nyembamba mno.

Waingereza, ambao tumerithi kwao sehemu kubwa ya sheria zetu, waliliona jambo hili zamani. Tangu sheria yao ya mwaka 1925, ardhi ya watu kadhaa hushikwa kwa amana: majina katika hati hayazidi manne, na wenye majina hayo ni wadhamini, wawe wanajishikia wenyewe au wanawashikia wengine.

Lakini hatuna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni papa hapa Voi, waliokuwa wakiishi bila hati, walikubali ardhi yao ibaki moja chini ya wadhamini. Mkazi aliruhusiwa kuuza nyumba yake, wala si ardhi iliyo chini yake. Kwa kuwa sheria haikuwa na chombo kilicho tayari kwa mpango wa namna hiyo, iliwabidi waunde chama na amana, viwili bega kwa bega. Kazi ilikuwa ndefu na yenye matatizo yake. Hata hivyo, nani anamshikia nani kiliandikwa.

Wapo watakaosema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi nasema kinyume: ndugu mwaminifu hana sababu ya kuogopa kalamu. Sheria ya mwaka 2012 imeturahisishia. Majina kadhaa yakiandikwa bila maelezo, huchukuliwa kwamba kila mmoja ana fungu lililo sawa na la mwenzake, nalo huwaendea warithi wake. Mume na mke waweza kumiliki bila mafungu, anayebaki akachukua yote.

Walimu wenzangu, tuwafundishe vijana kuisoma hati kama tunavyowafundisha kusoma ramani. Nanyi wanafunzi, likizo ijayo waulizeni wazee, wangali hai, shamba limeandikwa nani, na kwa niaba ya nani. Kisha jibu hilo lifikishwe katika ofisi ya ardhi, liandikwe. Wahenga walituonya: mali bila daftari hupotea bila habari.