Somo la muziki lisiwaache wenye ulemavu Karatu, Ngorongoro

MTAALA wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi katika ratiba ya shule. Kwa wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, hatua hiyo inaibua swali zito: je, mwanafunzi mwenye ulemavu anayehitaji msaada mkubwa atafundishwa muziki, au ataketi pembeni akiwatazama wenzake wakiimba?

Kisheria jibu lipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaka nchi kuwapa watu hao fursa ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii nzima.

Suala lenyewe si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu.

Kisingizio chepesi ni gharama za ala. Kwa Ngorongoro, hoja hiyo haina mashiko. Uimbaji wa Wamasai hautegemei ngoma wala gitaa: kiongozi huanzisha, kundi huitikia, na mapigo hushikwa kwa sauti za koo na miondoko ya mwili. Mtoto asiyetembea hataruka, lakini anaweza kuongoza wimbo. Asiyeweza kutamka maneno anaweza kushika mapigo.

Hata panapohitajika vifaa, njia zipo. Mtoto kiziwi akiweka kiganja juu ya ngoma huhisi mtetemo wake. Kwa wasioona, Louis Braille alichapisha mfumo wa kuandika muziki kwa nukta tangu mwaka 1829. Mwenye usonji anayeumizwa na kelele huhitaji sauti ya chini na mpangilio wa nyimbo usiobadilika ovyo.

Kinachohitajika zaidi, basi, ni mwalimu anayejua kulirekebisha somo limfae kila mtoto. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani humohumo, huandaa walimu wa elimu maalumu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hufundisha muziki. Kazi iliyopo ni kuukutanisha ujuzi huo kwa mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, akisaidiwa na waimbaji wazoefu wa hapo hapo.

Mwaka 2017, watu wenye ualbino wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, walitoa albamu ya nyimbo zao. Ilielezwa kuwa baadhi yao walikuwa wamezuiwa kuimba, hata kanisani. Sauti walikuwa nazo siku zote. Kilichokosekana ni ruhusa.

Iwapo shule za Karatu na Ngorongoro zitamfundisha muziki yule tu anayefaa kwa mashindano, somo litakuwamo katika ratiba, lakini haki itabaki kwenye karatasi.