Ng'ombe Hashiki Mimba? Acha Kukimbilia Sindano ya Joto

Ndugu mfugaji, leo sizunguki. Kama ng'ombe wako amezaa miezi minne iliyopita na hujaona joto, usikubali achomwe "sindano ya joto" kabla hajapimwa kizazi. Najua wenzangu wengine watanuna, maana sindano hiyo ndiyo inayowalipia mafuta ya pikipiki. Lakini hasara ni yako.

Mwezi uliopita niliitwa kwa mama mmoja. Ng'ombe wake, anayelipa ada za watoto, ametupa mimba ya miezi minne. Kumbe siku chache kabla alikuja mtu, akauliza kama joto limeonekana, akajibiwa hapana, akachoma. Mkono hakuingiza. Ng'ombe hakuonyesha joto kwa sababu alikuwa na mimba! Dume wa jirani alishampanda malishoni.

Elewa dawa ile inavyofanya kazi. Yai likitoka kwenye ovari, pale lilipotoka hujengeka kivimbe cha manjano kinachotoa homoni ya projesteroni. Homoni hiyo hulinda mimba, na ikiwa nyingi ng'ombe haji kwenye joto. Mimba isipokuwepo, kwenye siku ya 16 au 17 kizazi chenyewe hutoa prostaglandini. Kivimbe kinanyauka, projesteroni inashuka, yai jingine linapevuka, na estrojeni ya ovari inaleta joto. Ndiyo maana joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi. Sindano mnayouziwa ni prostaglandini hiyo hiyo, ila ya kiwandani. Kazi yake ni kuvunja kivimbe, basi.

Sasa piga hesabu. Ng'ombe ana mimba changa: umevunja ukuta unaoilinda, mimba inatoka. Ovari zimelala na hazina kivimbe: hakuna cha kuvunja, hela imekwenda. Amepita kwenye joto siku tatu tu zilizopita: kivimbe bado kichanga, hakisikii dawa. Dawa yenyewe siyo mbaya. Mkononi mwa mtu aliyepima na kukuta kivimbe kilichokomaa, huleta joto ndani ya siku mbili hadi tano.

Ninaowakuta wengi kwenye mabanda yenu ni hao wa ovari zilizolala, na chanzo ni njaa. Kupevuka kwa yai huanza na homoni kutoka kwenye ubongo. Ng'ombe anayekamuliwa kila siku huku anatafuna mabua makavu, mbavu zinahesabika na ndama ananyonya kutwa, ubongo wake hupunguza homoni hizo. Mwili unajiuliza utaleaje mimba wakati wenyewe haushibi. Hapo dawa iko horini: majani mabichi, pumba, mashudu, jiwe la madini, maji ya kutosha. Ongeza chakula kuanzia wiki za mwisho za mimba, siyo baada ya kuona mifupa.

Wengine hata hawaumwi, ni sisi hatuangalii. Joto huweza kukaa saa chache tu, tena usiku. Kagua alfajiri na jioni, andika tarehe kwenye daftari. Ukimwona amesimama apandwe asubuhi, mhimilishaji aje jioni ileile.

Na mtamba aliyezaliwa pacha na dume, usimpotezee hela ya sindano. Zaidi ya 9 kati ya 10 ni tasa, kwa kuwa damu zao zilichanganyika tumboni na via vyake vya uzazi vikaharibika. Mnenepeshe umuuze.

Jambo moja linanikera kuliko yote: kumshikisha mama mjamzito bomba la dawa hii "kidogo tu nimshike ng'ombe". Prostaglandini hupenya ngozi na inaweza kumharibia mimba. Mwenye pumu naye asiiguse. Ikikumwagikia, osha mara moja kwa maji na sabuni.

Akija mchomaji kesho, mwambie avae glavu ndefu aingize mkono kwanza, akueleze amekuta nini. Akikataa, mpe nauli yake arudi alikotoka.