Mlimani Ilizaliwa Lini? Majibu kwa Wanaotaka Kuhamisha Sherehe

Kila tarehe 25 Oktoba inapokaribia, maneno yale yale huibuka kuhusu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kilichofunguliwa tarehe hiyo mwaka 1961. Utayasikia vibarazani, utayasikia kwenye daladala zinazopanda Mlimani, na wanaoyasema si wajinga; wengi wao wamesoma pale pale. Chuo kiliadhimisha nusu karne mwaka 2011 na miaka 60 mwaka 2021. Wapo wanaoona hesabu hiyo imepotoka, na wapo wanaoona sherehe yenyewe haina maana. Nawajibu hoja kwa hoja, kwa kuwa jambo hili nalithamini.

Hoja ya kwanza ni ya umri. Wanasema chuo kikuu kilizaliwa tarehe 1 Julai 1970, na kwamba kuhesabu kuanzia 1961 ni kujiongezea miaka. Wanaosema hivyo wanaangalia tarehe ya cheti cha kuzaliwa, mtoto wamemsahau. Kilichotokea siku ile ya 1970 ni kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa tarehe 28 Juni 1963, na matawi yake matatu kila moja kushika njia yake: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Majengo ya Mlimani yalibaki yale yale, maktaba ile ile, wahadhiri wale wale. Hata Mkuu wa Chuo hakubadilika: Nyerere alikuwa Mkuu wa chuo kilichovunjwa, na akawa Mkuu wa kile kipya.

Wawatazame na ndugu wawili wa Mlimani. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, vijana wakifundishwa useremala na ujenzi, na mwaka 2022 iliadhimisha karne nzima bila kuona haya. Nairobi iliadhimisha miaka 50 mwaka 2020, ingawa chuo cha ufundi kilichoizaa kilikuwa na wanafunzi tangu 1956. Vyuo vitatu vilipata hadhi ya chuo kikuu huru siku moja, na kila kimoja kimechagua mahali pake pa kuanzia hesabu. Hakuna sheria inayolazimisha. Kinacholazimika kuelezwa ni kwa nini umechagua hapo, na Mlimani ina sababu nzuri kuliko wenzake wote wawili.

Sababu hiyo ndiyo jibu la hoja ya pili, inayodai kwamba chuo cha 1961 kilikuwa cha Mwingereza, hivyo kukisherehekea ni kuusherehekea ukoloni. Ni kweli, shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Ni kweli pia kwamba tarehe 25 Oktoba 1961 bendera ya Uingereza ilikuwa bado juu. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba. Lakini chuo kilifunguliwa wapi? Katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Chama kilichojengwa kwa kadi na michango ya watu wa kawaida kilitoa jengo lake ili vijana wapate pa kusomea sheria. Sijui chuo kingine cha Afrika Mashariki kilichozaliwa chini ya paa la chama cha ukombozi.

Na kwa nini walianza na sheria? Makerere haikuwa ikifundisha sheria wakati huo. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimbidi avuke bahari, na wachache mno waliweza. Nchi iliyokuwa karibu kujitawala haikuwa na mahakimu wake wala mawakili wa serikali wa kutosha, na isingeweza kuendelea kuwaazima milele. Darasa la kwanza halikufika watu 15, nao walitoka Tanganyika, Kenya na Uganda. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Mtendaji wa kwanza aliyekiendesha chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, lakini haja ilikuwa ya Watanganyika na nyumba ilikuwa yao. Mlimani penyewe walihamia mwaka 1964.

Hoja ya tatu inatoka upande mwingine kabisa: kwamba mwanzilishi ni mmoja, Mwalimu Nyerere, basi siku hii iwe ya kumsifu yeye na tumalize. Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inakuja na nia njema na inaharibu historia. Tarehe 22 Oktoba 1966, siku tatu kabla chuo hakijatimiza miaka mitano, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho, wakipinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyowataka wahitimu watumikie kwa miaka miwili na kulipwa sehemu tu ya mshahara. Walikuwa na bango lililosema afadhali enzi ya mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Chuo kikatimiza miaka mitano hosteli zikiwa nusu tupu.

Tukio hilo huwezi kuliruka. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano wa kujiuliza kina kazi gani katika Tanzania ya kijamaa. Mlimani iliyokuja kuvuma duniani, ile ya mwanahistoria Walter Rodney na mijadala ya usiku kucha, ilitokana na ugomvi huo kwa kiasi kikubwa. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye, wakamaliza masomo na wakaitumikia nchi. Kwa maoni yangu hao nao ni waanzilishi, na sherehe inayomtaja Mwalimu bila kuwataja inampunguza hata yeye.

Hoja ya nne haihitaji maneno mengi. Eti kumbukumbu za waanzilishi ni kasumba ya Oxford na Cambridge. Lamu, Msikiti wa Riyadha na chuo chake, alivyovianzisha Habib Swaleh, vimekuwa vikikusanya watu wakati wa Maulidi miaka mingi kabla Mlimani haijawa na hata tofali moja, na wageni hulizuru kaburi lake. Kumkumbuka aliyekufungulia mlango wa elimu hatukufundishwa na mtu.

Imebaki ya fedha: kwamba ni mahema, fulana na chakula cha wakubwa. Hapa nakubali nusu. Mahema ni mengi mno. Lakini kufuta sherehe hakuondoi deni. Itazame noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010: upande mmoja yupo Mzee Karume, upande wa pili upo Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani. Mama muuza vitumbua aliyewahi kurudisha chenji kwa noti hiyo ameibeba Mlimani mfukoni, na kodi yake ndiyo iliyokilipia chuo tangu enzi za mtaa wa Lumumba. Ana haki ya kuelezwa, angalau mara moja kwa muongo, kilichofanyika kwa fedha yake, na aelezwe kwa Kiswahili, milango ya ukumbi ikiwa wazi.

Kuna na kazi nyingine. Aliyeingia darasa la kwanza akiwa na miaka 20 leo ameshavuka 80. Kinasa sauti, mwanafunzi mmoja wa historia na nauli ya kwenda Mwanza, Kisumu au Kampala vinagharimu kidogo kuliko mahema ya siku moja, na wazee hao hawawezi kuwekwa kiporo hadi maadhimisho ya mwaka 2031.