BWANA SHAMBA ANASEMA: Kulala porini, njia ya Rungwa

Ndugu msomaji, mavuno yamekwisha na tumbaku imeuzwa. Baadhi yenu mmeniuliza habari za safari ya gari kwenda kaskazini, kutoka Chunya hadi Itigi, kulala porini na kuiona nchi yetu. Ni wazo zuri. Wageni hutoka mbali kuja kuona pori kama hilo, na sisi tunalipita tumelala ndani ya basi.

Kutoka Chunya hadi Makongolosi ni karibu kilomita 40, njia ya lami. Mbele yake ni miombo. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, miti hiyo huchipua majani mekundu kama shaba. Ukiyaona mara ya kwanza utadhani pori linaungua. Katika kijiji cha Rungwa njia hugawanyika. Moja huenda Itigi, nyingine huenda Tabora kupitia Ipole.

Lakini miezi hiyo mizuri kwa macho ni mibaya kwa maji. Mwaka mmoja tulikwenda watu 6 na dumu 1 la lita 20. Tulitegemea mto. Tulikuta mchanga mtupu. Tulichimba kwa sufuria mpaka usiku, tukapata tope. Asubuhi mwenzetu mmoja hakuweza kusimama. Lori la mbao ndilo lililotuokoa.

Tangu siku hiyo mimi huhesabu. Mtu mmoja, lita 5 kwa siku. Watu 6 kwa siku 3 ni lita 90. Ongeza siku 1 ya akiba, lita 30. Jumla ni lita 120, yaani madumu 6. Maji ya rejeta ya gari yawe mbali na hayo.

Mbung'o nao watalifuata gari mchana. Vaeni nguo nene za mikono mirefu. Msivae nyeusi wala buluu, maana rangi hizo huwavuta. Ukirudi ukapata homa, hata baada ya wiki kadhaa, mwambie mganga wa zahanati kwamba uliumwa na mbung'o. Malale hutibika yakigunduliwa mapema.

Msipige kambi ndani ya Pori la Akiba la Rungwa bila kibali. Mna tembo na simba humo. Laleni karibu na kijiji, na mwoneni mwenyekiti kwanza. Fyekeni nyasi kabla ya kuwasha moto, na mwagieni majivu maji kabla ya kuondoka. Mizinga ya watu imetundikwa juu ya miti hiyo.

Wanaotaka kwenda mwaka huu waje ofisini na orodha ya mizigo yao. Tutaanza kuhesabu madumu.