Elimu ya Usikivu si Anasa

Wengi wetu tuliopita chuo cha Kurani kabla ya kuingia skuli tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya jamvi. Mwalimu akisoma, wenzake huitikia; yeye huwatazama midomo, kisha huitikia baada yao kwa herufi zisizokuwa zenyewe. Alichapwa bakora kwa uvivu, akaitwa mzito wa kichwa, na mwishowe akaacha kuja. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtoto yule alikuwa anasikia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nasi tuliuchukua msemo huo tukamhukumu nao mtoto ambaye la mkuu halikumfikia kabisa.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu watoto kama yule wangalipo katika madarasa yetu, na kwa sababu dawa ya hali yao haianzii hospitali. Huanzia chuo kikuu. Visiwa vyetu vinahitaji wataalamu wa usikivu, na wataalamu hawaokotwi, husomeshwa.

Elimu ya usikivu, ambayo wenyewe huiita odiolojia, ni fani yenye miguu miwili. Mguu mmoja umo katika tiba: umbile la sikio, maradhi yake, namna ya kulipima, na namna ya kumfundisha asiyesikia vizuri aweze kuwasiliana. Mguu wa pili umo katika fizikia na hesabu: sauti ni mawimbi, na mhandisi hujifunza kuyachambua mawimbi hayo, kuyatenga maneno na makelele, na kukipa kifaa kidogo kinachovaliwa sikioni uwezo wa kukuza zile sauti ambazo mgonjwa amezipoteza. Fani hii ilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, pale askari wa Marekani waliporejea na masikio yaliyoharibiwa na mizinga, na Raymond Carhart akaisimamisha kuwa somo kamili katika Chuo Kikuu cha Northwestern.

Ukubwa wa tatizo si wa kubishaniwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya kuwarejeshea uwezo wao. Shirika hilo likaongeza kwamba katika kila nchi 100 zenye kipato cha chini, 93 zina mtaalamu wa usikivu pungufu ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 ilitupata Wazanzibari 1,889,773. Kwa hiyo, hata tukiufikia mpaka huo mdogo, Unguja na Pemba zitakuwa na wataalamu wasiozidi wawili.

Yapo maneno yasemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Lakini masikio mengi yanayokufa kwetu hayakuandikiwa kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Mtoto anatoka usaha sikioni miezi kadhaa, tunasema utakauka wenyewe. Homa ya uti wa mgongo inapita, inamwachia uhai na kumnyang'anya masikio. Baadhi ya dawa za sindano zilizotumika kutibu kifua kikuu, kama streptomaisini na kanamaisini, huharibu seli za ndani ya sikio; seli hizo hazifiki 20,000 katika sikio moja, na zikishakufa haziotei tena. Na kule pwani, mpiga mbizi anayefuata majongoo mita 10 chini ya maji hubeba mgandamizo maradufu ya ule wa juu. Akishuka kwa pupa huku ana mafua, kiwambo cha sikio huweza kupasuka.

Yafaa ieleweke pia kwamba sikio la mtoto halingoji. Mwaka 1978 mwanasayansi David Kemp wa London alionyesha kwamba sikio zima, likipelekewa sauti, hurejesha mwangwi mdogo sana. Kutokana na ugunduzi huo, leo mtoto mchanga hupimwa kwa dakika chache akiwa usingizini. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni hii: apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita, uwe ni wa kifaa au wa Lugha ya Alama, ili akili yake isikose lugha. Kwetu mara nyingi mzazi hushtuka mtoto akiwa na miaka mitatu na hajasema neno.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia kwa upasuaji. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini upasuaji ni wa siku moja. Kukirekebisha kifaa na kumfundisha mtoto kuyatambua maneno ni kazi ya miaka. Mama wa Micheweni atavuka bahari mara ngapi kwa ajili hiyo? Na mashine ya kupimia iliyoletwa kwa msaada, isipokuwa na mtu wa kuiendesha na fundi wa kuitengeneza, huishia kufunikwa kitambaa.

Lipo jambo jengine ambalo mgeni hawezi kutufanyia. Usikivu haupimwi kwa mlio wa mashine peke yake. Hupimwa pia kwa maneno ya lugha ya mgonjwa. Mzee aliyepoteza sauti nyembamba hatatenganisha "suka" na "shuka", wala "fika" na "shika". Orodha za maneno hayo hapana budi ziandaliwe na watu wenye Kiswahili chao. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Pretoria walitoa mfano: mwaka 2016 walianzisha kipimo kinachofanywa kwa simu, ambapo mtu husikia tarakimu tatu katikati ya makelele kisha huziandika.

Wapo watakaosema hospitali zetu zina upungufu wa mambo mengi yaliyo makubwa zaidi. Tunawajibu kwa hesabu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dola moja inayotumika kwa huduma ya masikio hurejesha karibu dola 16 katika miaka kumi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, katika ufadhili wa masomo ya juu zitengwe kila mwaka nafasi za fani hii, za tiba na za uhandisi wa sauti, kwa vijana wa Unguja na wa Pemba, kwa sharti la kurudi kutumikia. Afrika Kusini huwataka wahitimu wake wautumikie umma kwa mwaka mmoja, na sharti hilo halikuiua fani. Pili, muundo wa utumishi uwawekee cheo na mshahara kabla hawajarudi, wasije wakakuta hakuna kiti cha kukalia wakaenda zao. Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kishirikiane na Muhimbili katika kutayarisha vipimo vya Kiswahili.

Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa kwamba elimu katika visiwa hivi ni bure kwa wote. Mtoto anayekaa darasani bila ya kumsikia mwalimu hajaipata bado haki hiyo, ijapokuwa jina lake limo katika daftari la skuli. Ni wajibu wetu kumfikishia.