Nani Awahesabuye Wafu wa Mogadishu?

Kiko kitabu cha vita ambacho kimesomwa duniani kwa zaidi ya miaka 25, na kila taifa likisomapo hujitafuta lenyewe ndani yake. Kitabu hicho ni Black Hawk Down cha Mark Bowden, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1999. Chaeleza mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Atakuwako mtu wa kusema ya kuwa hayo ni mambo ya Bahari ya Hindi, wala hayamhusu mvuvi wa Kipili au karani wa Sumbawanga. Sisi twasema yanamhusu, na sababu tutazitaja. Lakini kwanza yafaa tueleze yaliyotokea, maana wengi wetu tumeyajua kwa sinema tu.

Alasiri ya Jumapili ile askari wa Kimarekani walishuka kwa kamba kutoka katika helikopta karibu na soko la Bakara, ili wawakamate wasaidizi wa Jenerali Mohamed Farrah Aidid. Ilidhaniwa kazi ile ingekwisha kwa muda wa saa moja hivi. Watu waliotafutwa walikamatwa kweli. Walakini helikopta mbili ziliangushwa katikati ya mji kwa makombora yanayorushwa begani, na askari waliokwenda kuwatafuta wenzao wakazingirwa vichochoroni usiku kucha, mpaka msafara wenye vifaru vya Wapakistani na magari ya deraya ya Wamalaysia ulipowatoa asubuhi. Wamarekani 18 walikufa kwa mapigano yale, na Mmalaysia mmoja. Rubani Michael Durant alitekwa, akakaa mikononi mwa watu wa Aidid siku 11.

Bowden hakuwako Mogadishu siku ile. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Philadelphia Inquirer, na kazi yake aliianza baada ya miaka kadhaa kupita. Aliwatafuta askari mmoja mmoja, akawauliza, akayalinganisha maneno yao na kumbukumbu za redio za jeshi. Mwaka 1997 alifunga safari mpaka Mogadishu kuwasikia Wasomali wenyewe. Habari zake zilitoka kwanza gazetini, mfululizo wa sehemu 29, Novemba na Desemba 1997, ndipo zikawa kitabu. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye bidii, wala hatuoni haya kuisifu.

Wasomaji wake wa kwanza kumjibu walikuwa askari wale wale. Walimwandikia wakisema: hapa umekosea, mimi sikuwa kwenye pembe ile, nilikuwa pembe hii, fulani alijeruhiwa kabla ya fulani. Naye akasahihisha. Kwa hiyo kitabu kilipotoka kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono ya mashahidi wengi, na hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya nguvu zake. Lakini hebu msomaji afikiri kidogo. Mama wa Bakara aliyefiwa na watoto wawili usiku ule, yeye angemwandikia nani? Gazeti la Philadelphia halikufika mlangoni pake, wala Kiingereza hakukijua. Bowden alikaa Mogadishu siku chache, na mashahidi wa Kisomali aliowapata ni wachache mbele ya wale wa Kimarekani. Kitabu hakisemi uongo juu ya Wasomali. Ila kwao kilipata sahihisho dogo, na kwa Wamarekani sahihisho kubwa.

Kundi la pili la wasomaji lilileta shutuma nzito zaidi. Walisema kitabu chasimulia risasi wala hakisimulii sababu. Kwamba Wasomali wametokea kama nzige, bila kuulizwa wamekasirishwa na nini. Shutuma hiyo, kwa upande wa kitabu, si ya haki. Bowden ameandika habari za tarehe 12 Julai 1993, siku ambayo helikopta za Kimarekani zilipiga makombora nyumba walimokuwa wamekutana wazee na wakuu wa ukoo wa Habr Gidir. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitaja wafu 54. Umoja wa Mataifa ukataja wachache zaidi. Kabla ya hapo, tarehe 5 Juni, askari 24 wa Pakistani waliokuja kulinda amani walikuwa wameuawa katika mji ule ule, na shambulio la Julai lilikuwa sehemu ya kisasi hicho.

Siku hiyo ya Julai yatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa namna ya pekee. Waandishi wa habari waliokimbilia mahali pale kupiga picha za maiti waliangukiwa na hasira ya umati, na wanne wakauawa. Wawili kati yao walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Wa tatu, Dan Eldon, alikulia Nairobi. Wa nne, Hansi Krauss, alikuwa Mjerumani. Walikufa wakitafuta habari ya wafu wa watu wengine. Mtu asomaye juu ya Oktoba bila kuijua Julai atadhani ya kuwa watu wa Bakara walizaliwa na chuki.

Sasa sinema. Hiyo ilitengenezwa na Ridley Scott, ikapigwa Morocco, ikatoka Desemba 2001, miezi michache tu baada ya Wamarekani kushambuliwa kwao New York na Washington. Kitabu kilikuwa na Julai, sinema haina. Kitabu kilikuwa na Wasomali wenye majina na mawazo. Katika sinema wamebaki kuwa watu wa kukimbia na kuanguka. Hapo ndipo shutuma ile tuliyoiita isiyo ya haki inapokuwa ya haki kabisa. Wasomali wanaokaa Minnesota, katika Marekani yenyewe, walitaka watu waisusie. Hata mmoja wa waigizaji wake, Brendan Sexton, alisimama hadharani akaipinga.

Januari 2002 nakala za wizi zilifika Mogadishu, na watu wakajaa kuitazama. Habari zilizotoka huko zilieleza ya kuwa walishangilia kila Mmarekani alipoanguka. Wako waliochukizwa sana kusikia hayo. Sisi hatushangilii kifo cha mtu yeyote, lakini hatushangai. Kila aliyewahi kukaa katika kibanda cha sinema, mahali mtu mmoja anapotafsiri kwa kipaza sauti na wengine wamekaa juu ya mabenchi, ajua ya kuwa mtazamaji humtafuta shujaa. Na akikosa wa kwao aliyepewa jina, atamshangilia yule asiye na jina. Sinema ile ilitengenezwa ili watu walie kwa ajili ya 18. Huko Bakara ilitazamwa na watu waliokuwa wamewazika wengine.

Wengine nao walinung'unika kwa sababu yao. Jenerali Pervez Musharraf, aliyekuwa Rais wa Pakistani, aliandika katika kitabu cha maisha yake, mwaka 2006, ya kuwa sinema imeficha kazi ya askari wake waliokwenda kuwaokoa Wamarekani. Wamalaysia walinung'unika vivyo hivyo miaka mingi, na mwisho wakaacha kunung'unika wakatengeneza sinema yao wenyewe, Malbatt: Misi Bakara, iliyotoka mwaka 2023. Kama ni nzuri au mbaya, hilo si neno letu leo. Neno letu ni kwamba wao wana kamera, wana fedha, wana serikali ya kuwasukuma. Kwa hiyo Mmalaysia mmoja aliyekufa amepata sinema.

Nao Wasomali waliokufa usiku ule ni wangapi? Upande wa Aidid ulitaja 315. Bowden aliandika ya kuwa hesabu ya chini ni 500. Wengine walipandisha zaidi. Tazama tofauti hiyo: kati ya 315 na 500 kuna watu 185, kijiji kizima, ambao hakuna awezaye kusema kwa yakini kama walikufa au hawakufa. Hesabu ya Wamarekani haina tofauti hata ya mtu mmoja, na kila mmoja wa wale 18 ajulikana kwa jina lake, umri wake, na mji alikozaliwa. Wasomaji wengi wa kitabu wamebishana juu ya silaha, juu ya makosa ya majemadari, juu ya kwa nini vifaru havikuombwa mapema. Juu ya pengo hili la watu 185 waliobishana ni wachache mno, na kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa kupita yote yaliyomo katika habari hii.

Maana hesabu ya wafu huendesha siasa. Baada ya picha za maiti ya askari wa Kimarekani ikiburutwa barabarani kuonyeshwa katika televisheni, Rais Clinton alitangaza ya kuwa askari wake wataondoka Somalia ifikapo tarehe 31 Machi 1994. Wakaondoka. Muda mfupi baadaye mauaji ya Rwanda yalianza, na wakubwa wa dunia, wakiikumbuka Mogadishu, hawakutaka kupeleka mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Wamarekani 18 walihesabiwa vizuri mno, na Wanyarwanda walilipa.

Tena vita vya mjini havikukoma Bakara. Machi 2007 askari wa Uganda walifika Mogadishu kwa bendera ya Umoja wa Afrika, wakafuatwa na Warundi mwezi Desemba mwaka huo. Walipigana nyumba kwa nyumba, wakitoboa kuta ili wasipite barabarani, mpaka al-Shabaab walipouacha mji Agosti 2011. Mapigano yale yalidumu miaka, si usiku mmoja. Ni nani kati yetu amesoma kitabu chake? Hesabu ya wafu wa majeshi hayo haikutangazwa kwa ukamilifu. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011. Na kambi yake ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, Serikali ya Nairobi haikutoa hesabu. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, ndiye aliyesema ya kuwa walikufa askari kati ya 180 na 200. Ndugu wa Kitale au wa Eldoret aliyefiwa na mwanawe alipata hesabu kutoka kwa rais wa nchi ya kigeni.

Hapa kwetu tusijione tuko mbali. Ng'ambo ya ziwa hili ni Kongo, na watu wa Kirando na Kipili wamewapokea wakimbizi wa huko tangu zamani. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, watu walipigana mitaani kati ya nyumba za raia. Kwanza zilitajwa maiti 900 hivi. Siku chache baadaye maofisa wa Umoja wa Mataifa wakataja karibu 2,900. Askari wa Tanzania wamelinda amani katika nchi hiyo tangu mwaka 2013, na usiku mmoja wa Desemba 2017 walikufa wetu 15 katika Kivu ya Kaskazini. Hao twayajua majina yao. Wa Goma hatuyajui.

Basi tuingie nyumbani kabisa. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu, pamoja na Waganda waliokuwa wakimpinga Amin, yaliitwaa Kampala. Hivyo vilikuwa vita vya mjini, vya aina ile ile anayoieleza Bowden: ramani zilikuwa haba, askari wakawauliza raia njia, na kikosi cha Luteni Kanali Ben Msuya kilitangulia katikati ya mji. Tena paliamuliwa jambo moja lenye hekima, ambalo majemadari wa Mogadishu wangefaidika kulijua: njia ya mashariki, ya kuelekea Jinja, iliachwa wazi makusudi ili Walibya waliokuja kumsaidia Amin wapate mahali pa kutokea, wasije wakalazimika kupigania kila chumba.

Twayajua hayo kwa sababu gani? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya kitabu cha Tony Avirgan na Martha Honey, War in Uganda, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1982. Waandishi hao ni Wamarekani waliokuwa wakikaa Dar es Salaam, nao wanastahili shukrani. Kwa Kiswahili tunao utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera, wa mwaka 1981. Viko na vingine. Walakini kitabu cha namna ya Bowden, kilichokusanywa kwa askari mia moja wa mgambo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, hatujakiona.

Mali ya kitabu hicho ipo, na inapungua kila mwaka. Kijana wa miaka 20 aliyeingia Kampala leo amekwisha kupita miaka 65. Wanamgambo waliitwa kutoka mikoa yote. Na wale waliorudi Ufipa wengine wangali wanalima mahindi Laela na Namanyere, wengine wanatengeneza nyavu hapa pwani. Twawaomba waalimu, makatibu wa matawi na vijana wenye simu za kunasa sauti wawaendee wazee hao kabla ya msimu wa kulima. Wasiwaulize kwanza juu ya ushujaa. Waulize jina la kikosi, njia waliyopitia, nani alikuwa kulia na nani kushoto. Wakiisha kumwandika mzee mmoja, wamsomee mwenzake wa kikosi kile kile, wamwache apinge. Na mahali mzee atakapotaja watu waliokufa, wa kwetu au Waganda wa nyumba waliyoipita, waandike jina kama analijua; kama halijui, waandike mtaa, na walikuwa wangapi.