Wakaguzi Warudi Gerezani

Agosti 2018 Mkaguzi Mkuu wa Magereza wa Uingereza na Wales, Peter Clarke, alimaliza kukagua gereza la Birmingham akiwa na mengi ya kusimulia. Bafuni kulikuwa na dimbwi la damu lililoelekea kukaa siku mbili, na vinyesi vya panya pembeni yake. Moshi wa bangi na dawa nyingine za kulevya ulitanda kwenye korido. Alipowaambia askari kwamba watu wanavuta, walipandisha mabega tu. Baadhi ya wafanyakazi walikutwa wamelala, wengine wamejifungia ofisini. Na wakaguzi wakiwa bado hapo, magari ya wafanyakazi yakachomwa moto kwenye maegesho yaliyodhaniwa kuwa salama.

Gereza hilo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya G4S tangu 2011, kwa mkataba wa miaka 15. Desemba 2016 lilikuwa limeshalipuka: wafungwa wapatao 500 walifanya ghasia kwa zaidi ya saa 12. Wengi wakaibebesha kampuni lawama zote, na ilistahili sehemu yake kubwa. Mimi kinachonikera zaidi ni kwamba serikali ilikuwa na maofisa wake humo humo gerezani, waliolipwa kusimamia mkataba. Walipita kwenye korido zile zile, na bado ikabidi aje mtu wa nje ndipo kengele igongwe.

Kengele yenyewe ina nguvu ya pekee. Tangu mwishoni mwa 2017 mkaguzi huyo anaweza kumwandikia waziri wa sheria taarifa ya dharura, na waziri ana siku 28 za kujibu hadharani. Kwa Birmingham serikali haikungoja siku ziishe. Ilitwaa uendeshaji wa gereza, ikaweka mkuu mpya, ikaleta askari 30 wazoefu na kuamua kupunguza wafungwa 300. Aprili 2019 ilitangaza kuuvunja mkataba, G4S ikalipa pauni milioni 9.9, na gereza likarudi moja kwa moja serikalini.

Je, hayo ni maendeleo? Ni hatua za kweli, sikatai. Lakini wale 300 hawakwenda nyumbani. Walipelekwa magereza mengine, katika mfumo ambao nao ulikuwa na msongamano. Msongamano ukiuhamisha hujautibu. Miaka sita baadaye magereza ya nchi nzima yalikuwa yamejaa kiasi kwamba Septemba 2024 serikali iliwaachia mapema wafungwa wapatao 1,700 kwa siku moja.

Ndiyo maana naona sehemu bora ya utaratibu wa Waingereza ni ile isiyopigiwa tarumbeta. Tangu 2019 wakaguzi hurudi kwenye magereza yaliyofanya vibaya, aghalabu kabla ya mwaka kupita, na kupima suala baada ya suala. Kila moja hupewa alama: maendeleo mazuri, ya kuridhisha, yasiyotosha, au hakuna cha maana. Kisha ripoti hutangazwa. Waziri hapewi nafasi ya kujisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Hata hivyo dawa hiyo nayo ina mpaka. Gereza la Exeter lilipewa taarifa ya dharura Mei 2018, likapewa nyingine 2022. Bedford nalo lilipewa 2018, kisha 2023. Waziri aliyeshtuliwa na taarifa hiyo hukimbilia kupaka rangi, kuongeza askari na kubadilisha mkuu. Lakini idadi ya watu wanaohukumiwa kifungo, urefu wa vifungo na mishahara inayowafanya askari waache kazi haviko ndani ya ukuta wa gereza moja, na mkuu mpya hana mamlaka navyo.

Kwetu Tanzania majaji hutembelea magereza, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kisheria ya kuingia humo. Habari za ziara hizo tumezizoea: msafara, hotuba, maagizo, picha ya pamoja. Habari ya watu wale wale waliorudi kuuliza agizo la mwaka jana limefikia wapi ni nadra. Rwanda na Burundi zimeridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa inayotaka magereza yakaguliwe mara kwa mara na chombo huru. Tanzania na Kenya bado.

Kuridhia itifaki kunaweza kuchukua miaka. Kurudi hakuhitaji kungoja. Tume ichague magereza matano yenye hali mbaya zaidi, iyatembelee tena ndani ya mwaka mmoja bila kutoa taarifa, na ichapishe agizo lipi limetekelezwa na lipi limelala. Wabunge nao wamtake waziri mwenye dhamana ajibu kwa ripoti hiyo mkononi, gereza kwa gereza.